Jibu: kwa nini programu inatoa 1, 2, 10, 74 badala ya 1, 2, 9, 54

Mkuu, programu yako ni nzima. Umeuliza kwa nini hesabu ya ramani zenye mzizi (nukta, yaani vipeo, zilizounganishwa kwa mistari, yaani kingo, juu ya uso, na ncha moja ya ukingo imewekewa alama kuwa mzizi; hapa kingo 0, 1, 2, 3, 4) inakutolea 1, 2, 10, 74, 706, wakati makala ya graviti ya kwanta unayosoma ina 1, 2, 9, 54, 378. Zote sahihi. Wewe umehesabu ramani za nyuso za kila aina. Wao wamechukua zile tu zinazochoreka juu ya tufe bila mistari kukatana.

Tazama kingo 2. Zina ncha 4. Weka α = (1 2)(3 4): ncha 1 na 2 ni ukingo mmoja, 3 na 4 wa pili. σ ni mpangilio wa ncha zote, ndiyo inayozungusha ncha zilizokutana kwenye kipeo. σ ziko 24, ila 4 zinatoa ramani iliyokatika vipande viwili. Toa hizo, zinabaki 20. Gawa kwa 2^(n−1) × (n−1)!, n ikiwa idadi ya kingo, ambayo hapa ni 2, unapata 10. Sasa chukua σ = (1 3 2 4). Fanya σ kisha α: 1 inakwenda 4, 4 inakwenda 2, 2 inakwenda 3, 3 inarudi 1. Mzunguko mmoja, maana yake eneo moja. Vipeo − kingo + maeneo = 1 − 2 + 1 = 0, na hiyo lazima iwe 2 − 2g, g ikiwa idadi ya matundu ya uso (tufe halina), kwa hiyo g = 1. Ramani hiyo haikai kwenye tufe, inakaa kwenye tyubu ya tairi. Ndiyo ya kumi.

Kwa hiyo ongeza kitanzi (loop) kimoja tu kwenye programu: kwa kila σ hesabu mizunguko ya σ na ya σ-kisha-α, tafuta g, halafu tenga hesabu. Kwa kingo 3, σ 592 kati ya 720 zimeungana; 432 ni za g = 0 na 160 za g = 1. Gawa kwa 8: 54 na 20. Kwa kingo 4 utaona 378 + 307 + 21 = 706.

Ukiona 2, 12, 90, 840, umesahau kutupa zilizokatika. Ukiona 2, 4, 14, 57, umehesabu ramani za tufe zisizo na mzizi, na hapo ulinganifu utakusumbua bure. Baki na mzizi. Kingo 6 ni σ 479,001,600, usiitese laptop yako ya Kariakoo kwa Paithoni. Kwa tufe tumia 2 × 3^n × (2n)! / (n! (n+2)!), fomula ya mwanahisabati Tutte. Gawanya kwa //, si /. Excel inashika tarakimu 15 tu, na namba kamili ya biti 64 inafurika ukifika 21!.

Ukitafuta OEIS, kamusi ya mtandaoni ya mifuatano ya namba, yako ni A000698 na yao A000168. Angalia: A000698 inaanza na 1 mbili, usije ukasoma faharasa kwa kupishana nafasi moja.

Fizikia inaingilia wapi? Mwanafizikia 't Hooft alionyesha mwaka 1974 kwamba kwenye matriksi za N × N kila mchoro wa hesabu (nao ni ramani kama hizi) unabeba N^(2−2g). N ikiwa kubwa, tufe linatawala, na ukijumlisha michoro hiyo umejumlisha nyuso zilizounganishwa vipande vipande, yaani graviti ya vipimo viwili. Wanachotafuta ni kasi ya ukuaji: 12^n × n^(−5/2). Usiipime kwa jicho. 378/54 ni 7, 2916/378 ni karibu 7.71, bado mbali na 12. Uwiano kamili ni 6(2n+1)/(n+3). Gawa kwa 12, toa 1, zidisha kwa n: kwa n = 100 unapata −2.427, kwa n = 1000 unapata −2.4925, inakaribia ile −5/2. Ukiondoa mzizi, nguvu ya n (ile −5/2) inashuka hadi −7/2, kwa sababu mzizi ulikuwa unazidisha kwa takribani 2n. Kwa g = 1 nguvu ya n kwa ramani zenye mzizi ni 0, na kila g ikiongezeka kwa 1 inaipandisha kwa 5/2.