Senti ya tundu niliyoinunua kwa bei ya mbuzi

Nilikuwa na miezi mitatu tu tangu niugue ugonjwa huu wa sarafu, na mgonjwa mpya hana macho. Mzee mmoja muuza vikuukuu hapa Tanga alikunjua kitambaa cheusi, akanitolea senti kumi ya tundu, ya mwaka 1936.

"Soma jina la mfalme."

Nikasoma: EDWARDVS VIII.

"Huyo hakumaliza hata mwaka. Aliacha ufalme kwa ajili ya mwanamke. Sarafu zake hazipo, mwanangu."

Nikatoa shilingi laki moja na nusu, mbuzi mzuri kabisa wakati huo, nikarudi nyumbani nimeifumbata mkononi ndani ya mfuko wa suruali.

Hadithi ya mzee ilikuwa kweli. Edward wa Nane alikalia kiti Januari 1936, Desemba akakiacha, na kule kwao Uingereza hakuna sarafu yenye sura yake iliyotolewa rasmi kwa matumizi. Ila za kwetu zilikuwa na tundu katikati. Penye tundu hapakai sura ya mfalme, panahitajika jina lake tu, kwa hiyo mafundi hawakuwa na haja ya kusubiri uso wake uchorwe na kuidhinishwa. Wakapiga senti kumi na senti tano, tena kwa mamilioni. Nyingine zina herufi H, za kiwanda cha Heaton kule Birmingham, nyingine KN, za Kings Norton. Miezi michache baadaye nikakuta Mjerumani mmoja anaziuza mtandaoni, kila moja kwa bei ya soda mbili.

Tangu siku hiyo, mtu akinitolea sarafu na hadithi yake, hadithi naipokea kwa heshima zote kisha nauliza: zilipigwa ngapi, na zilizobaki zikiwa nzima ni ngapi? Swali la kwanza lina majibu kwenye katalogi. La pili ndilo lenye pesa, na wauzaji wengi huku kwetu hawalijui.

Chukua reale ya Maria Theresa, mtawala wa Austria, ile kubwa ya fedha ambayo wazee wa pwani waliiita reale ya Sham. Kila nyumba yenye asili ya biashara kuanzia Unguja hadi Muscat huenda ina moja kwenye sanduku la bibi, na kila mwenye nayo atakuonyesha mwaka: 1780. Basi anaamini ameshika kitu cha zaidi ya miaka mia mbili. Huo ndio mwaka aliofariki malkia mwenyewe, na tangu hapo sarafu imeendelea kupigwa na tarehe ileile kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na huku kwetu walikataa kupokea yenye tarehe nyingine. Imepigwa Vienna, Rome, London, Paris, hata Bombay, na Vienna hawajaacha mpaka leo. Uzito wake ni gramu 28 na kidogo, fedha halisi ndani yake gramu 23 na ushei. Kwa hiyo nyingi thamani yake ni ya fedha iliyomo, basi. Zipo za zamani kweli, na wataalamu huzitambua kwa vitu vidogo kama manyoya ya mkia wa tai na vishaufu vya kwenye bega la malkia, lakini ukiambiwa milioni kwa sababu tu imeandikwa 1780, funga pochi.

Shilingi ya mkoloni yenye simba nayo ina kasoro yake. "Hii ni fedha," utaambiwa. Ni fedha kweli, lakini robo tu. Za kuanzia 1921 hadi miaka ya 1940 zina uzito wa gramu 7.78, na asilimia 25 yake haifiki gramu mbili. Zilizofuata baada ya vita hazina fedha hata chembe. Mimi natembea na mizani ndogo ya sonara, ile ya kutosha kwenye kiganja, na nimeshazoea kuona sura za watu zikibadilika ninapoitoa.

Sasa rupia. Hapa nisiwe na haraka, maana rupia ya Mjerumani imewatia watu wengi wazimu. Nimeona mashimo chini ya mibuyu na kwenye kuta za maboma, watu wanatafuta "mali ya Mjerumani". Nimepigiwa simu usiku na kijana aliyeambiwa kuna mnunuzi wa mamilioni, ila lazima rupia iwe na alama fulani, na kabla ya kuinunua lazima kijana alipe ada ya kuipima. Alilipa. Mnunuzi hakutokea tena, na simu yake haipatikani. Mnunuzi wa kweli hakutozi hela kutazama mali yako. Na hilo neno hela lenyewe limetoka kwenye sarafu yao, heller. Kuanzia 1904 heller mia zilifanya rupia moja, kabla ya hapo rupia ilikuwa visarafu 64 vilivyoitwa pesa.

Rupia moja ya kawaida, yenye Kaiser Wilhelm wa Pili, mfalme wa Wajerumani, na kofia yake yenye tai, ni sarafu nzuri: gramu 11.66, fedha karibu asilimia 92. Ina fedha mara tano ya shilingi ya simba. Lakini za 1904 na 1905 ni nyingi, na ikiwa imelika mpaka masharubu ya Kaiser hayaonekani, inakaribia kuuzwa kwa bei ya fedha tu. Masharubu yakiwa makali na ukingo haujagongwa, hapo tunazungumza mengine. Rupia mbili ndiyo adimu, ilipigwa 1893 na 1894 peke yake, na sababu hiyohiyo imefanya nione ghushi zake nyingi kuliko halisi. Moja niliyoletewa ilikuwa nyepesi kwa gramu nne, na ukizungusha ukingo chini ya taa unaona mstari mwembamba, pale nusu mbili za kalibu zilipokutana. Sarafu iliyopigwa kwa mashine haina mstari huo.

Za Tabora zina bei mbili zisizofanana hata kidogo. Mwaka 1916, vita vimewabana na meli haziingii, Wajerumani walipiga sarafu kwenye karakana ya reli ya Tabora. Ya dhahabu, rupia 15, ina tembo mbele ya mlima, dhahabu yake ilitoka mgodi wa Sekenke, na zilipigwa 16,198. Matajiri wa Ulaya wanaigombania na bei yake ni maelfu ya dola. Sidhani bei hiyo inadanganya, lakini sidhani pia kwamba wewe au mimi tutaikuta sokoni kwa bei ya kuokota, kwa hiyo ukiikuta, ni ghushi. Ila mwenzake wa heller 20, wa shaba ya njano, alipigwa kwenye karakana hiyohiyo, mwaka huohuo. Ni mbaya kweli kwa sura. Taji limepinda, herufi zimevimba, nyingine zimepigwa pembeni. Na mimi kwa ubaya huo ndio naipenda: unaona kabisa mkono wa mtu aliyekuwa na haraka, maana Septemba ya mwaka huo Wabelgiji waliingia Tabora. Zilipigwa nyingi, bei yake bado ni ya mfanyakazi wa kawaida, na ya shaba nyekundu ni adimu zaidi ingawa wauzaji wengi hawatofautishi. Nilichukua mbili za shaba nyekundu kwenye lundo la za njano, kwa bei moja. Sikusema kitu.

Lakini ukiniuliza ni ipi inayodharauliwa kuliko zote Afrika Mashariki, sitataja ya Mjerumani. Nitakuonyesha senti moja ya alumini, ya 1907 au 1908, ya Himaya za Afrika Mashariki na Uganda. Ukiiweka kiganjani huisikii, ni kama ganda la kitunguu. Ni kati ya sarafu za mwanzo kabisa za alumini duniani, Waingereza walizijaribu huku na Afrika Magharibi. Jaribio likashindwa: jasho, chumvi na unyevu vilizila, zikaota ukungu mweupe na vishimo, na mwaka 1909 wakahamia metali nyingine. Kwa hiyo hata kama zilipigwa nyingi, zilizobaki nzima ni chache. Na kwa kuwa ni nyepesi, watu huzidhania michezo ya watoto. Niliikuta moja ndani ya kopo la vifungo vya fundi cherehani, akanipa bure kwa sababu "si pesa hiyo, ni kishikizo chenye tundu moja tu".

Nyingine ninayoipenda ni paisa ya Mombasa ya 1888, yenye mizani, ya ile kampuni ya Waingereza iliyotawala pwani kabla ya serikali yao kuichukua kazi hiyo mwaka 1895. Historia ya mji mzima kwenye shaba moja, na bado unaweza kuipata bila kuuza kitu cha ndani. Na florini ya 1920, iliyokuja kuiondoa rupia, nayo ikaondolewa na shilingi kabla watu hawajaizoea. Wakenya wangu, ile shilingi 40 ya 2003 yenye sura ya Kibaki mnayoitangaza kwa maelfu, tulieni. Bado imejaa kwenye mikebe.

Kuna kosa moja ambalo hakuna katalogi inayoweza kulirekebisha. Nilipopata heller tano yangu ya kwanza ya 1909, ile kubwa ya shaba yenye upana wa milimita 37, ilikuwa na rangi ya kahawia iliyokolea kama asali ya nyuki wadogo. Nikaona ni uchafu. Nikakata ndimu, nikachukua majivu ya jikoni, nikasugua kama ninavyosugua sufuria. Ikang'aa waridi. Nikampelekea jamaa mmoja anayekusanya kwa miaka mingi kuliko mimi, akaitazama, akanirudishia bila kusema neno, kisha akaagiza chai. Ile rangi ya kahawia ndiyo aliyokuwa tayari kuilipia. Waridi lile halina mnunuzi.

Ukitaka kujua bei, usiangalie bei zinazoombwa mtandaoni, mtu anaweza kuomba bilioni kwa kifungo cha shati. Tafuta zilizokwisha kuuzwa kwenye minada. Piga picha kwa mwanga wa dirishani, si kwa flashi. Na vile visarafu vidogo vya shaba vya masultani wa Kilwa, vyenye maandishi ya Kiarabu yenye vina, vinavyotoka kwenye mchanga wa Kilwa Kisiwani, hivyo viacheni. Vipo chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na mahali pake ni makumbusho, hata kama mtalii amekuonyesha dola.

Ile ya 1936 bado ninayo. Binti yangu ameipitisha uzi kwenye tundu lake na kuifunga kwenye ufunguo wa kabati, mahali ninapoweka nyingine. Na bado natafuta senti moja ya alumini ya 1908 ambayo chumvi haijaigusa. Ukiwa nayo, usiisugue. Nipigie picha pande zote mbili, na ukingo pia, halafu tuzungumze bei.