Muulize Mfamasia: Vitamini Gani Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito?

SWALI: Assalamu alaikum mwanangu. Mimi ni mama wa miaka 52, mkazi wa Bombo. Miezi 8 iliyopita wanangu walinipeleka India nikafanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, ule wa baipasi. Namshukuru Mungu, kilo zimeshuka na sukari imetulia, ingawa metformin bado naimeza. Vitamini nilizopewa hospitali ziliisha zamani. Binti yangu aliye Dubai akanitumia zile tamu za jeli za kutafuna, nami nikanunua kalsiamu kwenye duka la dawa la hapa mtaani. Zote nazitumia asubuhi na chai yangu ya maziwa ili nisisahau. Sasa nywele zinabaki kwenye kitana, nikipanda ngazi nahema, na usiku nyayo zinachoma na kufa ganzi. Magoti yakiniuma nameza diklofenaki. Jirani anauza unga wa vitamini, kopo moja shilingi 280,000, anasema una kila kitu. Anavyo pia vidonge vya nywele. Nichukue kipi? Maandishi ya nyuma ya chupa nimekunakilia pia. — Hajati, Bombo

JIBU: Wa alaikumu salaam Hajati, na shikamoo. Ahsante kwa kuninakilia lebo mstari kwa mstari. Wachache hufanya hivyo, na bila hiyo ningekuwa nabahatisha. Nitaisoma nawe, lakini tuanze na nyayo zako, maana hizo hazingoji.

Ganzi na moto wa nyayo kwa mtu wa baipasi ambaye bado anameza metformin ni jambo la kumwona daktari wiki hii. Huenda ni upungufu wa B12, na metformin yenyewe huupunguzia mwili uwezo wa kuichukua. Huenda ni B1, au shaba, au kisukari. Kwa macho hakuna anayeweza kutofautisha; damu ndiyo itakayosema. Omba wapime wingi wa damu, B12, akiba ya chuma iitwayo feritini, vitamini D, kalsiamu na homoni ya paratiroidi, inayosimamia kalsiamu mwilini. Kama una homa au malaria, waambie, kwa sababu ugonjwa huipandisha feritini ikaonekana akiba ipo kumbe ghala ni tupu. Wasisahau pia kuangalia minyoo, kwani huku kwetu safura hunyonya damu ya mtu aliyepasuliwa na asiyepasuliwa. Mishipa ya fahamu ikikaa muda mrefu bila B12 huharibika kiasi ambacho sindano za baadaye haziwezi kurekebisha yote. Ndiyo sababu nakusukuma.

Sasa fahamu kilichofanyika tumboni, maana uchaguzi wa vitamini unaanzia hapo. Katika baipasi daktari amekuachia kifuko kidogo sehemu ya juu ya tumbo, kisha akakiunganisha moja kwa moja na utumbo mdogo kwa chini, hivyo chakula hakipiti tena kwenye duodenamu, yaani mwanzo wa utumbo mdogo. Sehemu hiyo iliyorukwa ndiyo iliyokuwa ikichukua chuma na kalsiamu kwa wingi. Asidi nayo imepungua. B12 iliyomo kwenye nyama huhitaji asidi ili iachane na nyama, halafu huhitaji protini inayotengenezwa na ukuta wa tumbo ili ipokelewe mwisho wa utumbo mdogo. Kwa hiyo hata ukila maini kila Ijumaa, sehemu kubwa ya B12 yake itakupita. Hali hii ni ya maisha yako yote. Waliokwambia vitamini ni za miezi michache hawakukutendea haki.

Tusome lebo. Zile jeli za binti yako, kwa maandishi yako mwenyewe, zina B12 mikrogramu 6, vitamini D yuniti 400, biotini nyingi, chuma hakuna, B1 hakuna, shaba hakuna. Mwongozo wa lishe wa 2016 wa ASMBS, chama cha madaktari wa upasuaji huu Marekani, unataka B12 ya kumeza isiyopungua mikrogramu 350 kwa siku, au sindano ya mikrogramu 1000 kila mwezi. Vitamini D3 wanaanza na yuniti 3000 mpaka kipimo cha damu kiridhishe. Chuma kwa mtu wa baipasi ni miligramu 45 hadi 60. Binti yako alikutumia kwa mapenzi na simlaumu, lakini jeli hizo zimetengenezewa watu wenye tumbo zima. Mshukuru, mwombe asitume tena.

Chupa ya kalsiamu ndiyo iliyonifanya nikae na kalamu. Umeandika: kalsiamu kaboneti 500 mg. Watu wengi husoma hapo 500 wakaridhika. Kaboneti ni chumvi, na kalsiamu halisi iliyo ndani yake ni asilimia 40 tu, kwa hiyo kidonge chako kimoja kinakupa miligramu 200. Wewe unahitaji 1200 hadi 1500 kwa siku. Zaidi ya hayo, kaboneti hutaka asidi ili iyeyuke, na asidi ndiyo uliyopungukiwa. Aina inayokufaa ni kalsiamu sitreti, isiyotegemea asidi. Nayo uisome kwa uangalifu: kalsiamu halisi ndani ya sitreti ni kama asilimia 21, kwa hiyo chupa inayojisifu mbele 1000 mg inabeba kama 210. Tafuta mstari wa nyuma unaotaja kalsiamu halisi, na usipouona, muulize mfamasia akukokotolee mbele yako. Sitreti haipatikani kila duka. Nenda famasi yenye mfamasia aliyesajiliwa, mwombe akuagizie. Ukingoja ifike, kaboneti itafune vizuri pamoja na chakula. Ni bora kuliko kukaa bila.

Kuhusu unga wa jirani, mwombe akuonyeshe nyuma ya kopo ina miligramu ngapi za chuma, mikrogramu ngapi za B12. Kikiandikwa tu "mchanganyiko maalumu" bila tarakimu, usitoe hata shilingi. Muulize pia kama umepitishwa na mamlaka ya dawa ya Uganda, NDA. Na hata tarakimu zikiwepo, unga mmoja hauwezi kufanya kazi yote, kwa sababu kalsiamu na chuma hugombania mlango mmoja, na mwili hauchukui vizuri zaidi ya miligramu 500 au 600 za kalsiamu kwa mara moja.

Kama vidonge vilivyotengenezwa mahususi kwa waliofanyiwa upasuaji huu hupati, au bei inakushinda, jenga mwenyewe. Chukua multivitamini kamili ya watu wazima, ya kidonge au ya kutafuna isiyo jeli, yenye zinki na shaba zote mbili. Zinki nyingi bila shaba huimaliza shaba mwilini, na shaba ikiisha huleta ganzi hiyohiyo unayoilalamikia. Multivitamini nyingi za kawaida zina B1 ya miligramu moja na kitu, wakati wewe unahitaji 12 kwa uchache, kwa hiyo ongeza B kompleksi. Hapo kuwa makini na vile vidonge na sindano za "mishipa" zinazouzwa sana mjini: baadhi vina B6 ya miligramu 100 au 200, na B6 nyingi ikitumika kwa muda mrefu huunguza mishipa ileile unayotaka kuitibu. Chuma, chukua vile vidonge wanavyopewa wajawazito kliniki, vyenye chuma halisi miligramu 60 na foliki asidi mikrogramu 400. Ni vya bei nafuu na vinatosha. Ila visitangulie B12, kwa sababu foliki inaweza kurekebisha damu ikaonekana nzuri huku ukosefu wa B12 ukiendelea kula mishipa kimyakimya. Vidonge vyovyote vilivyoandikwa kwamba huyeyuka polepole au vimefunikwa ili viyeyukie utumboni, viache. Kwako vitapita kabla ya kuyeyuka. Za kubandika kwenye ngozi pia ziache.

Na chai, Hajati. Najua unavyoipenda na sikukatazi. Lakini chai hukamata chuma tumboni, na maziwa yana kalsiamu inayokizuia. Panga siku yako kwa sala zako. Baada ya alfajiri meza chuma kwa maji, na kipande cha chungwa au maji ya limau, kisha chai isubiri angalau saa moja, ikiwezekana mbili. Saa tatu asubuhi, kalsiamu ya kwanza. Adhuhuri, ukila chakula chako kidogo na mchuzi wa karanga, multivitamini na vitamini D, maana D hupenda mafuta. Kalsiamu ya pili iende na alasiri, ya tatu baada ya isha. B12 ya kuyeyusha chini ya ulimi weka wakati wowote. Choo kikiwa cheusi kwa sababu ya chuma, usiogope. Kikiwa cheusi kinachonata kama lami, na kinanuka vibaya, hiyo ni damu; nenda hospitali.

Hilo linanileta kwenye diklofenaki, ambayo hukuniuliza. Iache leo. Dawa za jamii hiyo, pamoja na aibuprofeni, husababisha vidonda pale kifuko kilipounganishwa na utumbo, na kidonda hicho kinaweza kuwa kinavuja damu taratibu na kukuzidishia huko kuhema. Kwa magoti tumia parasetamoli, na mwambie daktari uliwahi kumeza hizo.

Nywele hazinitishi. Kupungua uzito kwa kasi hufanya nywele zitoke kuanzia mwezi wa 3 hivi, na nyingi hurudi zenyewe ukipata protini gramu 60 hadi 80 kwa siku na chuma kikiwa sawa. Mayai, mukene (dagaa) wa kusaga, kuku, maharage yaliyopondwa. Kula protini kwanza, matooke (ndizi za kupika) baadaye. Vidonge vya nywele usinunue: biotini yake nyingi huvuruga baadhi ya vipimo vya maabara, kikiwemo cha tezi ya shingo, na wewe unakwenda kupima. Hata hizo jeli acha siku kadhaa kabla ya kutolewa damu, na waambie ulikuwa unazitumia.

SWALI: Dada yangu alikatwa sehemu kubwa ya tumbo ili apungue uzito, upasuaji uitwao slivu, wiki 6 zilizopita. Wiki ya pili sasa hakuna kinachokaa, anatapika hata maji. Kliniki ya jirani wanamtundikia dripu ya glukosi. Tangu jana anasema anaona watu wawili wawili na anayumba akitembea. Tumnunulie vitamini gani ya maji? — Kaka, Arua

JIBU: Ndugu yangu huyu nilimpigia simu mara tu barua iliponifikia. Naichapisha kwa ajili ya wengine.

Hapa hakuna cha kununua dukani. Kutapika siku nyingi baada ya upasuaji humaliza B1 mwilini, kwani akiba yake haifiki hata mwezi. Kuona viwili viwili, kuyumba na kuchanganyikiwa ni dalili kwamba ubongo umeanza kuumia, na unaweza kubaki na madhara ya kudumu. Mgonjwa apelekwe hospitali kubwa siku hiyohiyo, usiku ukiwa usiku. Mkifika tu, semeni maneno haya: amefanyiwa upasuaji wa tumbo, ametapika wiki mbili, tunaomba B1 ya mshipani kabla ya glukosi. Glukosi ikitangulia hutumia B1 kidogo iliyobaki na kumzidishia. Msisubiri majibu ya maabara ndipo apewe. B1 ya sindano ni salama, na kuchelewa ndiko kunakoua. Kisha wachunguze kwa nini anatapika, maana huenda njia imebana.

Kwa yeyote aliyepasuliwa: ukitapika siku mbili tatu mfululizo, mpigie simu daktari wako kabla mambo hayajafika huku.

SWALI: Nina miaka 29, nilifanyiwa slivu Nairobi mwaka jana. Nataka kupata mtoto. Niache vitamini zangu nitumie za kliniki ya wajawazito? — Bi. Harusi, Ntinda

JIBU: Hongera dada. Kama bado hujatimiza miezi 12 hadi 18 tangu upasuaji, subiri kwanza, uzito utulie na damu ipimwe. Wakati wa kusubiri tumia uzazi wa mpango unaokufaa, maana uzito ukishuka mimba hushika upesi kuliko zamani.

Usiache zako. Vidonge vya kliniki vimepimwa kwa mama ambaye tumbo lake halijaguswa, kwa hiyo viongeze juu ya B12, kalsiamu na D unazotumia. Ukokotoe tu na mfamasia chuma kisirundikane. Foliki iwe mikrogramu 800 hadi 1000, na uianze kabla ya kushika mimba, kwa sababu uti wa mgongo wa mtoto hufunga wiki ambazo mama wengi hawajajua kuwa ni wajawazito. Kitu kimoja cha kubadilisha ni vitamini A. Angalia nyuma ya chupa: ikiandikwa retinoli, au retinili, tafuta nyingine yenye beta-karotini, kwani retinoli ikizidi yuniti 10,000 kwa siku huweza kumletea mtoto kasoro za kuzaliwa nazo. Siku ya kwanza ya kliniki mwambie mkunga umefanyiwa slivu na mwaka uliofanyiwa, aviandike kwenye kadi yako, na damu ipimwe kila baada ya miezi 3 hadi ujifungue.