Amri ya mahakama haifutwi barazani

Kina mama wenye kesi za udhalilishaji wanaofika kwangu hapa Wete, Pemba, huanza na swali moja: huyu bwana amekatazwa kuja nyumbani mpaka lini?

Jibu limo kwenye karatasi ya amri, usitoke mahakamani hujasomewa. Kwetu katazo hilo mara nyingi ni sharti la dhamana: mshitakiwa anaachiwa arudi kwao, ila asimkaribie mlalamikaji wala mashahidi. Sharti hilo linakwenda na kesi. Kesi iahirishwe mara ngapi, lipo. Ikifutwa au ikihukumiwa, dhamana imekwisha na sharti lake limekwenda nayo. Wengi hawalijui hili, na miezi baadaye wanadhani wangali na kinga. Kama hofu haijakutoka, mwambie mwendesha mashitaka kabla ya siku ya hukumu, umuulize mahakama inaweza kuamuru nini zaidi.

Walio nje wasitumie hesabu zetu. Uingereza hakimu huandika mwisho wa amri, aghalabu miezi 6 au 12, na kuivunja ni jinai yenye kifungo cha hadi miaka 5. California amri ya ukatili wa nyumbani katika kesi ya madai hufika miaka 5, na maombi ya kuiongeza hupelekwa ndani ya miezi 3 ya mwisho, kabla haijamalizika.

Tabu kubwa iko kwenye kuiondoa amri. Alinijia mama mmoja, karatasi kaifunga kwenye pindo la kanga, muhuri umeshaanza kufifia kwa jasho. Ami zake mume walikaa na baba yake, wakasameheana, fatiha ikasomwa, na bwana akarudi usiku ule ule. Hakimu hana habari. Jirani kapiga simu polisi, bwana kalala mahabusu. Alijitetea kuwa mke mwenyewe ndiye aliyemfungulia mlango. Haikumfaa kitu, maana katazo lilikuwa la mahakama, na mke hakuwa na uwezo wa kulitengua.

Wazee wa sulhu nawaheshimu, na nimeona ndoa walizozinusuru. Lakini fatiha haifuti amri. Talaka nayo haiifuti, wala eda kumalizika.

Ukitaka iondolewe kweli, nenda na namba ya kesi kwa karani, uombe kusikilizwa. Jitayarishe kuulizwa kama kuna aliyekulazimisha, na hakimu anaweza kukataa. Wifi na mama mkwe wabaki nje. Ukiona huwezi kusema mbele yao, mnong'oneze karani mapema.

Na mara nyingi si lazima ufute yote. Kama shida ni watoto kumuona baba yao, omba sharti lirekebishwe: awaone kwa bibi yao, mchana, wewe usiwepo. Likikubaliwa, chukua nakala mpya yenye muhuri, na nyingine umpelekee sheha, kiongozi wa serikali wa eneo lenu.