Almudena ni ndugu wa Madina?

SWALI: Kaka yangu anaishi Madrid na mkewe ni Mhispania. Wamejaaliwa binti, wakampa jina Almudena. Huku nyumbani Tanga kila mtu ana lake. Baba anasema hilo ni Madina tu, Wazungu wamelipinda. Binamu yangu anashikilia kwamba "alma" kwa Kihispania ni roho, basi mtoto ni "roho njema". Maana yake hasa ni ipi? Je, ni jina maarufu huko? Na sisi tuliandike vipi: Alimudena, Almudina au Madina? (Shangazi wa mtoto, Tanga)

JIBU: Hongera, shangazi. Mzee yuko karibu zaidi na ukweli kuliko binamu. Ni kweli "alma" ni roho, ila haimo ndani ya jina hili. Hiyo "al" ya mwanzo ni ya Kiarabu, ileile tuliyo nayo katika Alhamisi na alfajiri. Kinachobaki, kwa maelezo yanayokubalika zaidi, ni "mudayna", umbo la udogo la "madina", yaani mji.

Sisi tukitaka kudogosha neno tunagusa mwanzo wake: mji, kijiji. Mwarabu anachezea irabu za katikati. Hassan akidogoshwa anakuwa Hussein, abdi anakuwa Ubeid. Kwa hiyo madina na mudayna ni kama Hassan na Hussein. Lakini msiende kumwambia bibi kwamba mjukuu wake anaitwa Kijiji! Katika Hispania ya Waislamu neno hilo lilitumika kwa ngome, ile sehemu ya mji iliyozungushiwa ukuta. Madrid yenyewe ilianza hivyo: katika karne ya 9 Amiri Muhammad I wa Córdoba alijenga ngome mahali palipoitwa Mayrit, na kipande cha ukuta wa enzi hizo kingalipo hadi leo, karibu kabisa na kanisa kuu la jiji.

Ukuta huo ndio uliozaa jina. Masimulizi ya Wakatoliki wa Madrid yanasema Wakristo waliificha sanamu ya Bikira Maria ukutani Waislamu walipoingia Hispania. Baada ya Mfalme Alfonso VI kuuteka mji, mwaka 1085, sehemu ya ukuta ikaporomoka na sanamu ikaonekana, mishumaa yake miwili ingali inawaka. Akaitwa Bikira Maria wa Almudena, yaani wa ngomeni. Wapo wanaolitoa jina katika "almud", kipimo cha nafaka, kwa hoja kwamba palikuwa na ghala karibu na hapo. Mimi naona ngome ina nguvu zaidi, maana masimulizi yenyewe yanasimama juu ya ukuta.

Kuhusu hiyo "al", Wahispania waliyachukua maneno mengi ya Kiarabu pamoja na ganda lake, sisi tukayamenya. Kwao azúcar, kwetu sukari. Kwao aceituna, kwetu zeituni. Alcázar yao ni kasri yetu. Hata alcalde ni kadhi yuleyule, ila kwao aliacha hukumu akawa meya. Ndiyo maana baba aliposikia Almudena, sikio lake liliruka "al" likaokota Madina.

Sasa umaarufu. Swali lako lina mambo mawili yanayochanganywa sana siku hizi. Jina maarufu ni lile linalojulikana; jina lililoenea ni lile wanaloitwa watu wengi. Almudena ni maarufu mno Madrid. Tarehe 9 Novemba, sikukuu ya Bikira huyo, jiji zima hupumzika. Kanisa kuu lenye jina lake liliwekewa jiwe la msingi mwaka 1883, likatabarukiwa na Papa Yohane Paulo II mwaka 1993, na humo ndimo Felipe, ambaye sasa ni mfalme, alimwoa Letizia mwaka 2004. Makaburi makubwa ya jiji nayo ni ya Almudena. Mwandishi wa riwaya Almudena Grandes, mzaliwa wa Madrid aliyefariki mwaka 2021, ameongezwa kwenye jina la kituo cha treni cha Atocha.

Kuenea, hapana. Ni jina lililoshikamana na Madrid, kama Begoña lilivyoshikamana na Bilbao na Montserrat na Katalonia. Nje ya hapo wapo, mfano Almudena Cid, mwanajimnastiki wa Vitoria aliyeshiriki Olimpiki nne kuanzia 1996 hadi 2008, lakini si wengi. Wazazi wa leo wanapenda Lucía, Sofía na Martina. Ukimkuta mtoto mchanga anaitwa Almudena, mara nyingi kuna bibi au mapenzi ya Madrid nyuma yake.

Liandikeni Almudena. Jina la mtu halitafsiriwi, na hili halina hata haja ya kutoholewa. Hiyo "i" ya Alimudena haihitajiki, kwani "lm" hatuigopi: tunasema almasi bila kigugumizi. Mkazo uko kwenye DE, silabi ya pili kutoka mwisho, sawasawa na kanuni yetu. Kitu kimoja tu: Mhispania akiitamka hiyo "d" katikati ya irabu, inalainika ikawa karibu na "dh" ya fedha. Mkisema kwa "d" kavu mtoto ataitika vilevile.

Madina, jina zuri na la heshima kwa Waislamu, si lake. Asili ya maneno ni moja, lakini jina hili linamfuata Bikira wa Madrid. Jambo hili si geni kwetu: Fatuma na parokia ya Bikira Maria wa Fatima wanatoka neno moja la Kiarabu, na hakuna anayewachanganya. Mkiona Almudena ni refu kwa mtoto mchanga, lifupisheni kama wanavyofanya wenyewe Madrid: Almu.