Kifaa cha vepu cha betri mbili chenye kudhibiti joto: nitajuaje kama namba zake ni za kweli?

SWALI

Habari za kazi, mtaalamu. Nimeazimwa kifaa cha vepu (sigara ya kielektroniki) cha betri mbili za 18650, kimeandikwa wati 200, na kina sehemu ya kudhibiti joto. Mwenyewe anataka kuniuzia. Nikifunga koili (waya uliosokotwa unaochemsha juisi iliyonyonywa na pamba) ya stenlesi 316L ya 0.2 Ω na kukiweka 220 °C, siku nyingine mvuke unakatika hata sekunde haijaisha, siku nyingine pamba inaungua na koo linawasha. Nikiweka koili zilizokuja na tangi lake la juisi ndiyo inaungua kabisa. Ubovu uko kwenye kifaa au kwenye koili? Na hizo wati 200 zipo kweli?

JIBU

Ndugu yangu, kabla ya yote elewa kwamba kifaa hicho hakina kipimajoto. Hakuna kitu kinachogusa koili kujua ina moto kiasi gani. Ile 220 °C unayoiona kwenye kioo ni hesabu tu: waya ukipata joto ukinzani wake (jinsi unavyozuia umeme, hupimwa kwa omu, Ω) hupanda, basi kifaa hupima ukinzani waya ukiwa baridi, hupima tena na tena ukiwa unawaka, kisha hukadiria joto kutokana na tofauti. Ndivyo ilivyokuwa tangu DNA 40, bodi (sakiti inayoongoza kifaa) ya kampuni ya Evolv, ilipoleta mtindo huu mwaka 2014 kwa waya wa nikeli. Kipimo cha kwanza, kile cha baridi, kikikosewa, kila kinachofuata kimekosewa.

Tuanze na koili zilizokuja na tangi, kwa sababu jibu lake ni fupi. Koili nyingi za kiwandani ni za kanthal au nikeli-kromu, nyaya ambazo ukinzani wake karibu haubadiliki zikipata joto. Ukimwambia mtambo "hii ni stenlesi", utasubiri ukinzani upande, hautapanda, utadhani koili bado ni ya baridi na kuendelea kusukuma nguvu zote. Pamba lazima iungue. Kifaa kizuri hugundua hali hiyo na kurudi chenyewe kwenye hali ya wati, yaani ya nguvu isiyobadilika bila kukadiria joto. Chako kinaonekana hakigundui, na hiyo ni alama moja dhidi yake. Koili za namna hiyo zitumie kwenye wati pekee, ndani ya kiwango kilichochongwa ubavuni mwa koili yenyewe.

Sasa stenlesi yako, ambayo ndiyo yenye mambo. Kigezo chake cha joto, kile kinachoandikwa TCR kwenye menyu, ni kama 0.0009 kwa kila nyuzi moja. Nikeli safi Ni200 ni 0.006, titani ni 0.0035. Kwa maneno mengine, kati ya hizo tatu, stenlesi ndiyo hubadilika kidogo zaidi. Koili yako ya 0.2 Ω kwenye 20 °C itafika 0.236 Ω ikiwa 220 °C. Safari nzima, kutoka baridi hadi moto, ni 0.036 Ω. Kosa la 0.01 Ω tu, ambalo skrubu iliyolegea kidogo au uchafu kwenye pini ya katikati vinaweza kulileta bila shida, ni sawa na kosa la nyuzi 55 hivi.

Tazama linavyokupiga pande zote mbili. Ukifunga kipimo cha baridi (yaani kifaa kikakihifadhi) kwa usahihi, kisha mguso kati ya koili na kifaa ukalegea wakati unavuta na kuongeza hiyo 0.01 Ω, kifaa kitaona 0.236 wakati koili yenyewe iko 0.226, yaani karibu 164 °C. Kitakata umeme. Vimiminika vikuu vya juisi ni viwili: propilini glikoli huchemka kwenye 188 °C na gliserini kwenye 290 °C, kwa hiyo kwenye 164 hupati mvuke wa maana. Geuza hali: mguso ulikuwa mbaya wakati wa kufunga kipimo (kikasoma 0.21), halafu ukakaa sawa. Kifaa sasa kinalenga 0.248 Ω, na koili ya kweli ya 0.2 hufika hapo ikiwa kama 285 °C. Hapo ndipo pamba inapoungua, na juisi nayo huanza kuvunjika na kutoa akrolini na fomaldehaidi, kemikali zinazowasha. Ule mwasho wa koo haukuwa wa bure. Koili moja, mpangilio uleule, matokeo mawili. Sijakiona kifaa chako, lakini dalili zinazogeuka siku hadi siku hunielekeza kwenye mguso kabla ya bodi. Bodi mbovu kwa kawaida hukosea upande uleule kila siku.

Kosa jingine linalofanana na hilo ni kufunga kipimo koili ikiwa bado vuguvugu. Umevuta, umebadilisha pamba upesi upesi, umerudisha tangi na kukubali "koili mpya". Kama waya ulikuwa 50 °C na kifaa kikaamini ni 20, ukiomba 220 utapata karibu 255. Kwa hiyo ukirudisha koili ileile, chagua "ya zamani" kifaa kinapouliza. Na kama ni mpya kweli, iache dakika 10 pamoja na kifaa chenyewe vifikie joto la chumba. Usibonyeze kitufe hata mara moja kabla ya kufunga kipimo.

Kukagua usomaji wa ukinzani, fanya hivi. Toa betri. Safisha nyuzi za skrubu na pini ya katikati kwa pamba ya masikioni yenye spiriti ya isopropili, hasa mduara mwembamba unaozunguka pini, maana juisi iliyovuja hukaukia hapo na kuwa gundi ya kahawia. Bonyeza pini kwa kijiti cha mbao: iwe na springi inayorudi, isiwe imezama. Kaza skrubu zinazoshika miguu ya koili. Rudisha betri, funga tangi, soma ukinzani, fungua, funga tena, soma. Rudia mara tano. Usomaji ukibaki ndani ya 0.005 Ω, kifaa ni kizuri sana. Ndani ya 0.01 kinavumilika kwa koili za 0.4 Ω kwenda juu. Ukiruka zaidi ya hapo huku tangi jingine nalo likiruka, tatizo ni kiunganishi cha kifaa. Likiruka tangi moja tu, laumu tangi. Usihangaike na multimita (kipimo cha umeme cha mkononi) ya kawaida: nyaya zake zenyewe zina 0.1 hadi 0.3 Ω, zaidi ya kile unachotafuta.

Kama kioo kinaonyesha desimali mbili tu, mfano 0.20, hiyo si lazima iwe kasoro, kwani ndani kinaweza kuwa kinapima tatu. Lakini hutaweza kukihakiki kwa macho, na mimi kifaa cha kudhibiti joto kisichonionyesha desimali ya tatu sikilipii bei kamili.

Kisha kuna kipimo cha pamba kavu. Suka koili ya stenlesi yenye mizunguko iliyoachana, kati ya 0.4 na 0.5 Ω, hapo kosa la 0.01 hushuka hadi nyuzi 22 hadi 28. Pitisha pamba safi bila juisi. Weka wati 15 na 200 °C, kaa sehemu yenye hewa, kifaa kikiwa juu ya kigae au sahani, na usivute. Bonyeza sekunde 3, achia, rudia mara tatu nne, kisha chomoa pamba utazame pale ilipogusa waya. Inatakiwa ibaki nyeupe. Panda nyuzi 10 kwa 10. Mahali fulani kati ya 220 na 250 itaanza kuwa na rangi ya chai ya maziwa. Ikiwa kahawia kwenye 200, kifaa kinapita lengo. Ikibaki nyeupe hata kwenye 260, kinakata mapema. Ukiona kaboni nyeusi au moshi, acha papo hapo.

Kosa likiwa dogo na la upande mmoja kila mara, TCR hulirekebisha. Watu wengi huigeuza kinyume: kupunguza joto halisi, unapunguza namba ya TCR, huongezi. Kutoka 0.00092 hadi 0.00088 kunashusha kama nyuzi 9. Kosa likiwa linatangatanga, TCR haisaidii kitu.

Tuje kwenye wati 200. Bodi hupoteza takribani asilimia 10, na betri hukatwa zikifika kama 3.2 V kila moja. Kutoa wati 200 hapo kunahitaji wati 222 kutoka kwenye betri, gawanya kwa 6.4 V: ampea 34.7 kwa kila seli (yaani kila betri moja). Betri zikiwa zimepangwa kwa mfululizo (chanya ya moja kwa hasi ya nyingine, volti zikijumlika) au sambamba (chanya kwa chanya, volti zikibaki za betri moja), mzigo wa kila seli ni uleule. Anayekwambia sambamba "hupumzisha betri" kwenye kifaa chenye bodi hajapiga hesabu. Seli ya Samsung 25R imepewa ampea 20 bila kukatika, 30Q ampea 15. Kwa 25R mwisho wako salama ni wati 115, kwa 30Q ni 86. Isitoshe, kama bodi haina uwezo wa kupandisha volteji, koili ya 0.5 Ω kwenye betri za mfululizo zilizobaki na 7.2 V haiwezi kupata zaidi ya wati 104, hata kioo kiandike nini. Kwa hiyo 200 ni namba ya boksi. Kwa kudhibiti joto hutaihitaji: wati 40 zinatosha koili ya 0.5 Ω, na hapo kila seli inatoa ampea 7 tu.

Seli zenyewe ndizo za kukaguliwa kwa ukali kuliko hata bodi. 18650 iliyoandikwa 9900 mAh ni uongo, itupe kwenye taka za betri. Tafuta plastiki ya nje: kipande kilichochanika karibu na upande chanya ni hatari halisi, kwa sababu mwili mzima wa seli ni hasi na umetenganishwa na kichwa chanya kwa kipete chembamba tu. Nunua mbili za aina moja kwa pamoja, zichajiwe na kutumika pamoja, na zisafiri ndani ya kasha la plastiki, kamwe zisiwe mfukoni na funguo.

Kujua mpangilio: weka seli moja tu. Kifaa kikiwaka, ni sambamba. Kisipowaka, ni mfululizo. Kwenye sambamba usichanganye seli ya 4.2 V na ya 3.4 V hata kwa muda mfupi, maana iliyojaa huimwagia yenzake zaidi ya ampea 10 hapohapo bila bodi kuhusika. Kugeuza seli moja kwenye sambamba ni shoti kamili, kwa hiyo alama za + na − zionekane wazi ndani ya kifaa, pale seli zinapokaa. Kama zimefutika, ziandike upya kabla ya kutumia.

Jaribio la mwisho lifanye siku ya pili. Chaji seli kwenye chaja ya nje hadi 4.20 V, tumia hadi kifaa kikatae, zitoe na upime kila moja kwa multimita (kwa volti inafaa kabisa). Seli mbili nzima za 2500 mAh, kwa wati 40, zinatakiwa kukupa karibu mivuto 450 ya sekunde 3. Tofauti ya volti kati yao isizidi 0.05. Ikizidi, badilishana nafasi zao na urudie mzunguko mzima. Upungufu ukihama na seli, seli imechoka, na jozi mpya itamaliza kazi. Upungufu ukibaki kwenye nafasi ileile, basi mguso wa nafasi hiyo umeoza au bodi inakunywa upande mmoja; kama kuisugua bamba la mguso hakubadilishi kitu, mrudishie mwenyewe kifaa chake, hata kama kilifaulu kipimo cha pamba.