Maswali na Majibu: Harufu ya Hopsi Kutoka Pakiti Hadi Chupa

Maswali tuliyoyapokea safari hii yanahusu jambo moja: hopsi, maua yanayoipa bia uchungu na harufu, ni ghali, zinatoka mbali, na harufu iliyotufanya tuzinunue inapotea kabla ya kufika kwenye glasi. Kila aliyeandika anapika bia ya nyumbani, lita 20 kwa mkupuo au zaidi kidogo.

Nanunua hopsi aina ya Cascade, pakiti ya gramu 500, lakini kila nikipika natumia gramu 100 tu. Hapa Ntinda, Kampala, umeme unakatika sana. Zinazobaki nizitunzeje?

Adui wa kwanza wa hopsi ni oksijeni, wa pili ni joto. Harufu na uchungu vyote vimo kwenye lupulini, ile chembe ya manjano inayonata ndani ya ua la hopsi, na lupulini ikikutana na hewa huanza kuharibika mara moja. Cascade yenyewe haivumilii: ikikaa miezi 6 kwenye nyuzi 20, hubakiwa na takriban nusu tu ya asidi zake za alfa, ndizo zinazoleta uchungu, wakati Magnum, aina nyingine ya hopsi, katika hali hiyohiyo hubakiwa na zaidi ya robo tatu. Na chumba cha Kampala mchana huzidi nyuzi 20.

Kwa hiyo siku ileile unayofungua pakiti, gawa zote mafungu matano ya gramu 100. Kosa kubwa ni kufungua na kufunga pakiti moja mara tano, maana kila mara unaingiza hewa mpya. Tumia mifuko yenye tabaka la alumini ndani na uifunge kwa mashine ya kufyonza hewa. Mifuko ya plastiki ya zipu peke yake haitoshi, kwa sababu plastiki nyembamba hupitisha oksijeni kidogo kidogo hata ikiwa haina tundu. Kama huna mashine, zamisha mfuko kwenye beseni la maji mdomo ukiwa juu, maji yasukume hewa nje, kisha ufunge. Chupa ya kioo yenye kifuniko cha kukaza nayo inafaa, mradi uijaze hopsi mpaka juu kabisa.

Andika kwenye kila fungu aina, mwaka wa mavuno na asilimia ya alfa, halafu weka kwenye friza, nyuzi 18 chini ya sifuri. Umeme ukikatika kwa saa kadhaa usihangaike: hopsi zilizofungwa bila hewa hazitadhurika. Jaza nafasi tupu za friza kwa chupa za maji, zikiganda zitashikilia baridi, na usifungue mlango mpaka umeme urudi. Kama friza ina samaki, fungasha hopsi mara mbili, kwa kuwa mafuta ya hopsi hushika harufu za jirani.

Siku ya kupika, toa fungu na uliache limefungwa kwa saa moja hivi lipate joto la chumba. Ukilifungua likiwa la baridi, unyevu wa hewa utagandia vidonge (hopsi zilizosagwa na kushindiliwa), na utakachobakiza kitaharibika upesi.

Nitajuaje kuwa hopsi zimeharibika? (Jinja)

Vunja kidonge kimoja ukisugue viganjani mpaka kipate joto, kisha nusa. Hopsi nzuri ni ya kijani, inanata, na inanukia machungwa, maua au majani mabichi kulingana na aina yake. Ikiwa imekuwa ya kahawia, inatoka vumbi kavu na inanuka jibini au soksi zilizovaliwa, hiyo ni asidi inayozaliwa hopsi zikioksidika. Usizitie mwishoni mwa upishi ukitegemea zitafichika. Hazifichiki.

Natia hopsi zikibaki dakika 60 za kuchemsha na nyingine zikibaki dakika 15. Uchungu upo, harufu hakuna. (Mbarara)

Hopsi za dakika 15 zimechemka kwa muda mrefu mno kwa kazi ya harufu. Mafuta ya hopsi hutoka na mvuke, na sufuria ikichemka wazi ndani ya dakika hizo sehemu kubwa imeshapaa. Ile harufu nzuri inayojaa jikoni ndiyo unayoikosa kwenye glasi.

Acha za dakika 60 kama zilivyo. Zile za dakika 15 zisogeze: zima moto, poza maji ya kimea kwa koili ya shaba mpaka nyuzi 80, tia gramu 60 hadi 80 kwa lita 20, funika, koroga taratibu kila baada ya dakika tano, na baada ya dakika 20 endelea kupoza haraka. Kwenye nyuzi 80 uchungu mpya unaoongezeka ni mdogo, na mafuta mengi hubaki. Ukizitia mara tu unapozima moto, bila kupoza, utaongeza uchungu usioutarajia.

Mbarara iko juu ya mita 1,400, maji huchemka karibu na nyuzi 95, si 100. Asidi za alfa hugeuka kuwa uchungu polepole zaidi kwenye joto hilo. Kanuni zilizoandikwa kwa watu wa pwani zitakupa bia laini kidogo, kwa hiyo ongeza hopsi za uchungu kwa kama asilimia 10, onja, urekebishe mkupuo unaofuata.

Hopsi za baridi, yaani zinazotiwa bia ikiwa imeshachacha: gramu ngapi, siku ngapi? Mara ya mwisho chupa zilifoka zote. (Gulu)

Gramu 4 hadi 5 kwa lita, siku mbili au tatu, basi. Kuziacha wiki mbili hakuongezi harufu, kunaleta ladha ya majani. Zitie mchachuko mkali ukiwa umetulia, maana kaboni dayoksaidi inayobubujika hubeba harufu na kutoka nayo. Vidonge hufura: ukitumia mfuko wa kitambaa cha wavu, usiujaze kupita theluthi, na utie gololi za kioo zilizochemshwa ili uzame.

Kufoka kuna maelezo. Hopsi zina vimeng'enya vinavyokatakata sukari ndefu ambazo hamira ilikuwa imeshindwa kuzila. Hamira inapata chakula kipya na kuamka, na wewe umeshaongeza juu yake sukari ya kuleta gesi chupani. Joto la Gulu linaharakisha yote hayo. Kwa hiyo baada ya kutia hopsi pima kwa haidromita, kifaa kinachoonyesha sukari iliyobaki kwenye bia, leo na tena baada ya siku mbili. Namba ikishuka, kwa mfano kutoka 1.014 hadi 1.012, subiri itulie. Bia ikinukia siagi, hamira haijamaliza kujisafisha. Iache siku tatu nne zaidi.

Makapi ya hopsi usiyamwage mbwa anapofika. Yanaweza kumuua.

Wiki ya kwanza harufu tele. Wiki ya nne bia imekuwa ya kahawia na inaonja karatasi. (Entebbe)

Hewa imeingia wakati wa kujaza chupa. Mpira wa kunyonyea ufike chini kabisa ya chupa, bia ipande bila kurukaruka. Acha nafasi ya sentimita 2 tu juu, weka kizibo povu likiwa limefika mdomoni. Sukari gramu 6 kwa lita inatosha, na hamira itakayoila chupani itakula pia sehemu ya oksijeni iliyobaki. Baada ya siku 10 weka kwenye friji, na bia yenye hopsi nyingi inywe ndani ya miezi miwili. Chupa ziwe za kahawia. Za kijani hupitisha mwanga unaovunja vitu vya uchungu, na bia hunuka vibaya baada ya kukaa juani muda mfupi tu.

Kabale kuna baridi. Naweza kupanda hopsi zangu? (Kabale)

Mmea utaota, mavuno hutapata ya maana. Hopsi hutegemea urefu wa mchana: huhitaji siku ndefu za kiangazi cha kaskazini au kusini ili zirefuke kabla ya kutoa maua. Kwetu mchana ni saa 12 mwaka mzima, mmea hutoa maua ukiwa bado mfupi, tena machache. Baridi ya Kabale haibadilishi hilo.

Ukitaka kuongeza harufu kwa kitu cha shambani kwako, ponda gramu 15 za mbegu za giligilani, ambazo sokoni huitwa dania, uzitie zikibaki dakika tano kuzima moto. Zina linaluli nyingi, mafuta yaleyale yanayozipa hopsi nyingi harufu ya maua.