Kabla Hujawafikisha Wachezaji Neverwinter

Jumamosi iliyopita, hapa Moshi, nilimshuhudia tena msimamizi chipukizi wa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kusimulia hadithi, akisoma kurasa mbili nzima za historia ya ufalme huku wachezaji wake wakijenga minara kwa kete. Wadogo zangu, nawapenda, lakini mnanichosha.

1. Tazameni mwaka kabla ya ramani. Forgotten Realms, ulimwengu wa kubuni wa mchezo huu, imechapishwa tangu 1987, na matoleo yake husogeza kalenda: kitabu cha toleo la tatu cha 2001 kinaanzia mwaka 1372 wa Dalereckoning, yaani kalenda ya ulimwengu huo, cha toleo la nne cha 2008 kinaanzia 1479. Nililijua hilo. Hata hivyo, katika kampeni yangu ya kwanza (hadithi moja ya vikao vingi), tuliyoianza mwaka 1372 wa kalenda hiyo, nilizoa maelezo ya mji wa Neverwinter kwenye intaneti usiku wa kuamkia mchezo, nikachagua yaliyonoga zaidi, na baada ya miezi mitatu ya safari nikawafikisha wachezaji kwenye magofu yaliyofunikwa majivu. Nilisoma kwa sauti ya matanga. Dada mmoja, ambaye mhusika wake alizaliwa humo na alikuwa akirudi kumtafuta mama yake, aliniuliza kwa upole: "Kaka, mlima Hotenow, uliouangamiza mji huu, si ulilipuka 1451?" Badala ya kukiri kwamba nimechanganya matoleo, jambo ambalo lingetugharimu dakika tano, nilijibu eti huu ulikuwa mlipuko mwingine, ambao haukuandikwa. Uongo huo niliulisha kwa vikao vinne: nikazua mchawi wa kuueleza, kisha kaburi la mama ambaye hakuwa na sababu yoyote ya kufa. Kikao cha tano yule dada hakuja, wala hakurudi tena.

2. Anzeni na faharasa, si sura ya kwanza.

3. Chukueni lile tu litakalomlazimu mchezaji kuamua jambo. Orodha ya wafalme haimlazimu. Zamu ya maji inamlazimu. Kitabu kiliponinyima habari za bonde moja la milimani, nilipanda Marangu kumuuliza mzee mmoja kuhusu mifongo, mifereji ya jadi ya kumwagilia mashamba: nani huisafisha, nani hufungua maji alfajiri, na asiyefika kazini hutozwa nini. Mzee alidhani natafuta kiwanja, nami nikashindwa kumweleza. Nilishuka na ugomvi wa zamu uliowashughulisha wachezaji vikao sita, bila joka hata moja.